Wigilia: jinsi ya kuandaa mkesha wa Krismasi wa Wapolandi na kuketi mezani pao

Kwa Wapolandi, moyo wa Krismasi ni jioni ya tarehe 24 Desemba. Tarehe 25 ni ya kupumzika na kula nyama. Tarehe 24 ndiyo inayowarudisha watu nyumbani kutoka London, Chicago na kwingineko, treni zikijaa hadi mlangoni. Jioni hiyo inaitwa Wigilia, tamka "vigilia", neno lililotoka kwenye Kilatini likiwa na maana ya kukesha. Mwaka 2025 ndio wa kwanza siku hiyo kuwa mapumziko kisheria. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wanatoka kazini mchana wakikimbilia jikoni.

Mimi nimeolewa katika familia ya karibu na Lublin, mashariki mwa Polandi. Mwaka wangu wa kwanza nilikaririshwa majina ya vyakula vyote, nikajua supu gani inatangulia na uma upi ni wa samaki. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kijiko cha kwanza nitasimama uso kwa uso na kila mtu chumbani, mmoja mmoja, nimwambie kitu. Nilifika mbele ya mama mkwe wangu na sikuwa na neno. Kwa hiyo mwongozo huu nauanzia pale ambapo mimi sikuanzia. Ni kwa ajili yako uliyealikwa, uliyeolewa au kuoa huko, unayesoma Kraków au Łódź, au unayetaka tu kuwaandalia marafiki wa Kipolandi jioni yao ukiwa Arusha, Nairobi au Muscat.

1. Mapema Desemba: tafuta opłatek, na anza kuandaa maneno

Opłatek (tamka "opwatek") ni kipande chembamba cheupe, kikubwa kama kadi ya posta, kilichookwa kwa unga wa ngano na maji tu. Hakina chumvi wala hamira. Kimechapwa picha ya hori, Mtoto Yesu, Maria na Yosefu, na ukikiinua kwenye mwanga unaona mistari yake kama alama ya maji kwenye noti. Kinafanana na hostia, ule mkate wa Komunyo, kwa sababu kinaokwa namna ileile, ila si Ekaristi. Padri hukibariki tu, hakigeuzwi, kwa hiyo hata asiye Mkatoliki anakila bila tatizo.

Kinapatikana parokiani wakati wa Majilio, baada ya Misa, na mtu anatoa sadaka kadiri anavyojaliwa. Madukani pia vipo, lakini mama mkwe wangu hawezi kuvigusa vya dukani. Kwake opłatek hutoka kanisani. Chukua vya kutosha ili kila mtu mezani apate kipande cha kushika. Kwenye pakiti mara nyingi kuna kimoja cha rangi, aghalabu waridi. Hicho ni cha mifugo, na nitakirudia.

Ukiwa nje ya Polandi, omba utumiwe kwa barua. Wapolandi wamezoea kutumiana opłatek ndani ya bahasha kwa ndugu walio mbali, na posta kinasafiri vizuri kikibanwa kati ya vipande viwili vya karatasi ngumu. Kikifika kimevunjika usikitupe. Kazi yake ni kuvunjwa.

Sasa maneno. Kaa chini na karatasi, andika majina ya watakaokuwepo, na mbele ya kila jina andika jambo moja unalomtakia ambalo ni lake peke yake. Shemeji anasubiri matokeo ya mtihani wa udereva? Andika. Babu ana goti linalomsumbua? Andika. Kama Kipolandi chako ni kidogo, jifunze maneno matatu yanayomfaa kila mtu: "zdrowia, szczęścia, pomyślności", yaani afya, furaha na mafanikio. Tamka "zdrovia, shchenshchia, pomishlnoshchi" na watakuelewa. Lakini yakiwa hayo tu, kwa watu wote kumi, ni kama kumpa kila mtu salamu za redio.

Na kama kuna mtu mezani mliyekosana, mtafute kabla ya tarehe 24. Wapolandi wana msemo kwamba Wigilia ikiwa hivi, mwaka mzima utakuwa hivyo. Ndiyo maana watu hulipa madeni madogo, hurudisha vyombo walivyoazima, na watoto wanaonywa tangu asubuhi wasigombane.

2. Wiki moja kabla: chachusha bitiruti

Supu ya Wigilia katika nyumba nyingi ni barszcz, supu nyekundu ya bitiruti, nyepesi na angavu kama divai. Ukali wake mzuri hautoki kwenye siki. Unatoka kwenye maji ya bitiruti yaliyochachuka, na hayo hayaharakishwi.

Menya kilo moja ya bitiruti, kata vipande vyembamba, weka kwenye chupa pana ya kioo. Ongeza punje tano za kitunguu saumu zilizopondwa kidogo, majani mawili makavu ya kunukisha supu na punje chache za pilipili manga. Chemsha lita moja na nusu ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, yaache yapoe kabisa, kisha mimina hadi yafunike bitiruti zote. Kipande kinachoelea juu ya maji ndicho kinachoota ukungu, basi kandamiza kwa kisahani. Funika kwa kitambaa, weka mahali pa kawaida jikoni.

Lublin wakati wa baridi inachukua siku 5 hadi 7. Nilipofanya nyumbani kwetu Usa River, karibu na Arusha, siku 4 zilitosha, kwa sababu ya joto. Povu jeupe juu ni la kawaida, litoe kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya ni jambo lingine: mwaga yote, anza upya. Ikiwa tayari itanukia udongo na uchachu wa kupendeza, na itakuwa nzito kidogo. Chuja, weka kwenye jokofu.

3. Chagua vyakula 12, na usiogope namba

Vyakula ni 12 kwa ajili ya Mitume 12. Zamani nyumba nyingi zilihesabu namba witiri, 7, 9 au 11, na nyumba masikini zilikuwa na vichache zaidi bila aibu. Leo watu huhesabu mkate, kachumbari na hata juisi ili kufikia 12, kwa hiyo usijiue jikoni. Sharti kubwa ni moja: hakuna nyama. Kanisa halilazimishi tena, lakini sijawahi kuona meza ya Wigilia yenye kuku au ng'ombe, hata kwa watu wasiokanyaga kanisani mwaka mzima. Familia nyingi hazinywi pombe jioni hiyo pia.

Kwetu mashariki orodha huwa hivi: barszcz pamoja na uszka, yaani vifuko vidogo vya unga vyenye uyoga ndani, supu ya uyoga kwa wasiopenda bitiruti, samaki wa heringi wa chumvi na vitunguu na mafuta, samaki karp wa kukaanga, pierogi, kama sambusa za kuchemsha, za kabichi na uyoga, kabichi chachu iliyopikwa na dengu za njano, gołąbki, yaani majani ya kabichi yaliyoviringishwa nafaka na uyoga ndani, mkate, kutia, yaani ngano ya kuchemsha yenye asali na mbegu za mpopi, makowiec, ambayo ni keki ya kuviringisha iliyojaa mbegu za mpopi, biskuti za tangawizi na asali, na kompot, kinywaji cha matunda makavu yaliyochemshwa. Ukienda Silesia, kusini, utakuta vitu vingine kabisa mezani, na kila mkoa utakuapia kwamba Wigilia ya kweli ni ya kwao.

Onyo kwa mlioko Ghuba: mbegu za mpopi zimepigwa marufuku Falme za Kiarabu, hata za kupikia, kwa sababu ya mmea zinakotoka. Usizibebe kwenye begi. Tengeneza kutia ya ngano, asali, zabibu kavu na jozi. Itakuwa tamu na utalala nyumbani kwako.

4. Tarehe 22 na 23: uyoga, uszka, pierogi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye raha.

Uyoga unaotakiwa ni mkavu, ule wa msituni. Familia ya mume wangu huuokota wenyewe mwezi Septemba, huukata, huutunga kwenye uzi na kuukausha juu ya jiko, na mfuko wake ukifunguliwa Desemba nyumba nzima inanuka msitu. Loweka gramu 50 usiku kucha, asubuhi chemsha katika maji yaleyale dakika 40. Usimwage yale maji. Ni meusi, yanaonekana kama ya kuoshea sufuria, lakini nusu ya ladha ya barszcz imo humo. Katakata uyoga vidogo sana, kaanga na kitunguu kilichokolea rangi, tia chumvi, pilipili manga, na kijiko cha unga wa mkate mkavu ushikamane.

Uszka maana yake "masikio madogo". Chukua unga wa ngano gramu 300, maji ya moto mililita 150 na kijiko cha mafuta, kanda mpaka uwe laini kuliko wa chapati, funika upumzike nusu saa. Sukuma mwembamba, ule wembamba ambao ukiweka mkono chini yake unaona kivuli cha vidole. Kata miraba ya sentimita 4. Weka uyoga kiasi cha punje ya harage katikati, ukizidisha litapasuka. Kunja pembetatu, bana kingo. Kisha zungusha pembetatu kwenye ncha ya kidole chako cha shahada, zile pembe mbili zikutane nyuma ya kidole, zibane, vuta kidole. Hilo hapo ni sikio.

La kwanza litakuwa baya. La ishirini litakuwa sikio. Bibi wa mume wangu alikuwa anafanya bila kuangalia, macho yake dirishani, vidole vikitembea vyenyewe, na masikio yakianguka kwenye kitambaa chenye unga yakiwa sawa kama yametoka kiwandani. Mimi nilifanya 30 wakati yeye amefanya 100, na alipoyapanga aliyachanganya makusudi ili wageni wasijue yapi ya nani. Sijamsahau kwa hilo.

Chemsha kwenye maji ya chumvi. Yakielea, hesabu dakika 2, toa, paka mafuta yasigandane. Mtu mmoja anakula kama 8 au 10.

Pierogi ni unga huohuo, ila unakatwa duara kwa mdomo wa glasi, unajazwa kabichi chachu iliyopikwa na kukatwa pamoja na uyoga, na unakunjwa kama sambusa ya nusu mwezi. Ukiwa Afrika Mashariki, kabichi yetu ya kawaida ikikatwa nyembamba, ikasuguliwa na chumvi na kukandamizwa kwenye ndoo siku 5 hivi, inafanya kazi vizuri. Uyoga mkavu ndio usiokuwa na mbadala mzuri. Agiza pamoja na opłatek.

Kutia ianze usiku wa 22: loweka ngano nzima iliyotwangwa kuondoa makapi, kesho yake ipike polepole mpaka iive lakini bado itafunike. Mbegu za mpopi zimwagie maji yanayochemka, ziache zipoe, zichuje, zisage mara mbili au tatu hadi zitoe maziwa. Changanya na asali, zabibu kavu na jozi, ilale kwenye baridi. Anayeijua mseto au kande atashangaa kuona ngano ya kuchemsha ikiwa kitamutamu, lakini ule bakuli la pili ndio unifikirie.

Kompot ipikwe tarehe 23 pia: plamu kavu zilizofukizwa moshi, vipande vikavu vya matufaha na peasi, mdalasini, karafuu mbili tatu. Harufu ya moshi inawashtua wageni. Ndiyo yenyewe.

5. Samaki

Karp ni samaki wa mabwawa, na kwa muda mrefu aliuzwa akiwa hai. Wazazi wa mume wangu, kama familia nyingi wakati wa utawala wa kikomunisti, walimnunua siku mbili tatu kabla, wakamweka kwenye beseni la kuogea ajisafishe tope. Watoto walimpa jina, na tarehe 24 ikawa msiba. Siku hizi wengi wananunua aliyekwisha kukatwa, na mimi nashukuru.

Tope bado lipo kidogo kwenye ladha. Vipande vipakwe chumvi, vifunikwe kwa vitunguu na limau usiku mzima kwenye jokofu. Siku yenyewe vifute vikauke, pitisha kwenye unga, kaanga kwa moto wa wastani. Ana miiba mingi, kwa hiyo kula polepole na usiongee. Kwetu nyumbani sato anachukua nafasi yake bila malalamiko. Okoa magamba machache, yaoshe, yakaushe: kila mtu anaweka moja kwenye pochi ili asikaukiwe fedha mwaka ujao.

6. Asubuhi ya tarehe 24: mti na meza

Familia zinazoshika mila zinapamba mti wa Krismasi siku hii, si Novemba. Wape watoto kazi hiyo. Inawaweka mbali na jiko.

Meza ina mpangilio wake. Kwanza tandaza kiganja cha nyasi kavu juu ya mbao, kwa kumbukumbu ya hori alimolazwa Yesu. Sokoni zinauzwa katika mafungu madogo. Popote palipo na ng'ombe utazipata bure. Juu yake kitambaa cheupe, kilichopigwa pasi. Kitafanya matuta, na sahani hazitakaa sawa. Acha hivyohivyo. Katikati weka sahani ya opłatek, mshumaa, na Biblia iliyofunguliwa Luka sura ya 2.

Halafu hesabu watu, na upange sahani moja zaidi.

Sahani hiyo ina kiti chake, kijiko chake, glasi yake. Ni ya mgeni asiyetarajiwa: yeyote atakayebisha hodi usiku huu anaingia na kuketi, awe nani. Lakini nilipouliza zaidi niligundua ina maana ya pili. Nyumba nyingi zinaiweka pia kwa ajili ya ndugu waliokufa, na kwa ajili ya waliochukuliwa.

Nilikuwa nimewaambia natoka Arusha. Bibi mmoja mzee wa ukoo, aliyekuwa amekaa kimya pembeni ya jiko, akasema neno moja: "Tengeru." Nilidhani nimesikia vibaya. Nimekulia kilomita chache kutoka Tengeru, mama yangu amenituma pale sokoni siku za Jumamosi maisha yangu yote ya utoto, na hapa nilipo, kwenye theluji, mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili analitamka jina la soko letu bila kukosea.

Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi kutoka mashariki ya nchi yao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walioachiliwa baadaye walitoka kupitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki chini ya Waingereza: Tengeru, Kondoa, Ifunda na Kidugala huku Tanganyika; Masindi na Koja kule Uganda. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000, wakiwa na shule, hospitali na mashamba chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo mpaka leo, yametunzwa, misalaba imejipanga na majina ya Kipolandi juu yake. Kule Nyabyeya, karibu na Masindi, kanisa walilolijenga bado linasimama.

Fikiria Wigilia yao pale. Desemba, jua kali, hakuna karp, hakuna theluji, na karibu kila familia ina baba, kaka au mtoto aliyebaki chini ya ardhi ya Siberia. Nikiweka sahani ya ziada sasa, siiweki kama pambo. Nawe ukiiweka, iweke kamili, usiisogeze pembeni ili upate nafasi ya bakuli la kachumbari.

7. Alasiri: subiri nyota

Watu wazima wanafunga au wanakula kidogo sana mchana kutwa. Oga, vaa vizuri. Kama wewe ni mgeni, fika kabla ya giza, vua viatu mlangoni upewe ndala za nyumbani, na ukileta maua hakikisha idadi yake ni witiri, kwa maana namba shufwa ni ya mazishini.

Kisha watoto wanapelekwa dirishani. Hakuna kula mpaka nyota ya kwanza ionekane, kwa kumbukumbu ya nyota ya Bethlehemu. Usidhani ni kusubiri hadi usiku: Lublin mwezi Desemba jua linazama karibu na saa tisa na nusu alasiri, na saa kumi giza limeshaingia. Mawingu yakifunika anga, mkubwa wa nyumba anatangaza kwamba nyota ipo nyuma yake. Ukiiandaa Afrika Mashariki utasubiri hadi karibu saa moja jioni, na watoto watalia njaa. Wape mkate kidogo, hakuna atakayewahukumu.

8. Opłatek

Mshumaa unawashwa. Wote wanasimama. Mkubwa wa familia, au mtoto anayejua kusoma vizuri, anasoma habari ya kuzaliwa Yesu katika Luka, kisha sala fupi kwa walio hai na waliofariki. Kila mmoja anapewa kipande cha opłatek.

Sasa inakuja saa yenyewe. Unamwendea mtu, mnatazamana. Yeye ananyosha opłatek yake kwako, nawe yako kwake. Unavunja kipande kidogo sana cha kwake, anavunja cha kwako, mnakila, na hapo unasema unachomtakia, naye anasema chake. Mnabusiana mashavuni au mnakumbatiana. Halafu mwingine. Chumba chote kinakuwa na minong'ono, watu wawili wawili, na usishangae ukiona baba mzima anafuta machozi. Chukua kipande kidogo mno kila mara, maana mkiwa watu 12 utavunja mara 11 na kuvunjiwa mara 11, na usifike kwa bibi ukiwa mikono mitupu.

Anza na wazee. Usipige picha. Usiwahi kusema "vivyo hivyo kwako" na kuondoka. Mwaka ule wa kwanza mama mkwe wangu aliponiona nimeganda alivunja kipande cha opłatek yangu, akasema polepole ili nielewe: "Nakutakia usijisikie mgeni hapa." Mimi nilijibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kipolandi kilikuwa kimenikimbia: "Asante, mama." Alilielewa "mama". Lugha zetu mbili zinaliandika sawa.

9. Mezani

Kaeni. Barszcz ndiyo ya kwanza: pasha supu ya mboga na maji ya uyoga, mwishoni tu ndipo umimine ile bitiruti iliyochachuka, onja, weka sukari kidogo na chumvi. Ikishaingia usiache ichemke, la sivyo rangi nyekundu inageuka kahawia. Uszka ziwekwe bakulini kwanza, supu juu.

Vingine vinafuata bila haraka. Onja kila kitu, hata kama ni kijiko kimoja. Asiyeonja chakula fulani anasemwa atakosa sehemu ya heri ya mwaka, na zaidi ya hapo, kuna mtu aliyekaa siku tatu jikoni anayekutazama. Kwa mila, anayeruhusiwa kuinuka mezani ni mwenye kupika tu. Nyumba nyingi sasa hazibani hivyo. Hata hivyo simu ibaki chumba kingine.

10. Baadaye

Zawadi ziko chini ya mti. Kwetu analeta Mtakatifu Nikolao. Wielkopolska, mkoa wa magharibi, wanamwita Gwiazdor, Silesia ni Mtoto Yesu mwenyewe, Kraków ni malaika. Kabla ya kuwaambia watoto, uliza nani analeta katika nyumba hiyo, usije ukaharibu.

Nyimbo za Noeli huimbwa mezani mpaka sauti zikauke. Kama hujui maneno, imba wa kwenu. Mimi niliimba kwa Kiswahili na mashemeji wakashika kiitikio mara ya pili. Usiku wa manane ni Misa ya Pasterka, Misa ya wachungaji. Vaa soksi mbili. Makanisa ya vijijini yana baridi kali na wengine husimama nje kwenye theluji kwa kukosa nafasi.

Kabla ya kuondoka, wenye mifugo wanapeleka kile kipande cha rangi zizini. Inasemwa kwamba usiku huu wanyama husema kwa sauti ya binadamu. Baba mkwe anampa ng'ombe wake, mbwa na hata kuku, na anawasemesha kwa heshima.

Vipande vyeupe vinavyobaki havitupwi. Vinaliwa, au vinawekwa ndani ya kitabu cha sala. Mimi navifunga kwenye karatasi ngumu, naandika anwani ya sanduku la posta la Usa River, na mama yangu huvipata Januari. Anamwita baba, wanasimama jikoni, wanavunjiana. Kisha ananipigia simu kunisomea alichomtakia.